Kuishi, Maisha na Hifadhi: Uhakiki wa Maneno ya Ibara ya Kumi na Nne

Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni sentensi moja fupi. Yataja mambo mawili: kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi, na kwamba anayo haki ya kupata hifadhi ya maisha yake, na mtoaji wa hifadhi hiyo ni jamii. Kisha yatia mkato na kufunga kwa maneno manne: kwa mujibu wa sheria. Sentensi hii haina neno gumu hata moja. Mtoto wa shule aweza kuisoma na kuieleza. Walakini imekwisha kutumiwa mahakamani ili kuwaondolea watu moshi na uvundo uliowadhuru, na imekwisha kutajwa vile vile katika hukumu iliyokiacha kitanzi mahali pake. Sentensi iwezayo kubeba maana mbili zilizo mbali hivyo yastahili kutazamwa na wajuzi wa lugha, wala isiachiwe wanasheria peke yao.

Katiba yenyewe ni ya mwaka 1977, nayo ilipitishwa kwa Kiswahili. Sura ya haki za binadamu haikuwamo tangu mwanzo. Ilitiwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1984, na mashauri ya kuzidai haki hizo yakaweza kufikishwa mahakamani kuanzia mwezi wa Machi 1988. Wakati huo haki ya kuishi ilikuwa imekwisha kuandikwa mara nyingi duniani. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 liliitaja katika ibara yake ya 3, pamoja na uhuru na usalama wa mtu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966 uliiita haki ya asili ya kila binadamu, ukaamuru ilindwe na sheria, na ukakataza mtu yeyote asiondolewe uhai wake kidhalimu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, uliiweka katika ibara yake ya 4. Basi mtungaji wa ibara ya 14 alikuwa na mifano mingi mbele yake, lakini alipaswa kuchagua maneno yake katika ghala ya lugha nyingine, na uchaguzi huo ndio utazamwao hapa.

Ghala hiyo si maskini. Kiswahili kina uhai, uzima, maisha, roho na nafsi, na kila neno lina pembe yake. Uhai ni hali ya kutokufa tu: mti una uhai, na samaki ana uhai maadamu yumo majini. Roho hutajwa sana wakati wa kutoka kwake, ndiyo maana watu husema kwamba fulani amekata roho. Nafsi ni mtu mwenyewe ajitambuavyo. Uzima ni neno la asili ya Kibantu, na maana yake yapita ile ya uhai, kwa kuwa kitu kizima ni kile kisichovunjika wala kupungua. Aulizwaye asubuhi kama yu mzima haulizwi kama hajafa, bali kama hana upungufu. Lakini kwa mtunga sheria neno hili zuri lina kasoro moja: mgonjwa si mzima, na haki yake ya kuishi haipungui kwa homa. Liko pia neno hayati, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni maisha, na katika Kiswahili limekuwa neno la heshima litangulialo jina la aliyekufa. Jambo hilo ni onyo kwa wapendao kuamua maana ya neno kwa kutazama nasaba yake tu.

Katika sehemu ya kwanza ya ibara mtungaji hakuchukua jina lolote kati ya hayo. Alichukua kitenzi, kuishi. Uchaguzi huo waonekana mdogo, lakini una faida kubwa. Jina kama uhai huonyesha kitu ambacho mtu anacho, na kitu ambacho mtu anacho chaweza kuchukuliwa kwake, kupimwa thamani, au kubadilishwa kwa kingine. Ndiyo sababu lugha za mikataba ya kigeni husema habari za mtu kunyang'anywa uhai, kana kwamba uhai ni mkoba. Kuishi si kitu bali ni tendo, na kila tendo lina mtendaji. Mtu hanyang'anywi kuishi. Mtu huuawa, na auawaye huuawa na fulani. Kwa kuchagua kitenzi, ibara yamfanya msomaji aulize mara moja swali ambalo jina laweza kulificha: kama huyu haishi tena, ni nani aliyemzuia? Kinyume chake chaonekana katika maneno adhabu ya kifo, ambayo hayana mtendaji ndani yake. Kifo hutajwa kana kwamba kimekuja chenyewe. Neno kunyonga lasema kweli zaidi, kwa kuwa halisimami pasipo mkono wa mtu.

Msomaji mkali aweza kulaumu kwamba kuishi katika matumizi ya leo ni pia kukaa mahali. Mtu huulizwa aishi wapi, naye hujibu Morogoro au Tanga. Katiba yenyewe yatumia kitenzi hicho hicho katika ibara ya 17, isemayo juu ya haki ya raia kwenda atakako nchini na kuishi popote. Lawama hiyo ina ukweli, na mwandishi mwangalifu zaidi angeweka kukaa katika ibara ya 17 na kuacha kuishi kuwa neno la ibara ya 14 peke yake. Hata hivyo hapana msomaji wa akili timamu awezaye kupotea, kwa sababu sehemu ya pili ya sentensi yaja upesi kuieleza ya kwanza.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, nayo imejengwa juu ya maneno matatu: hifadhi, maisha na jamii. Yafaa yatazamwe moja moja.

Maisha si uhai. Uhai waweza kuwapo mahali ambapo maisha hayapo, kama watu wasemavyo juu ya mtu mwenye dhiki kubwa kwamba hayo si maisha. Neno hili katika Kiarabu ni jamaa ya maneno ya riziki na namna ya kujipatia chakula, na katika jambo hili Kiswahili hakikuliacha mbali na kwao. Watu husema gharama za maisha, maisha magumu, kutafuta maisha. Kijana aendaye mjini kutafuta maisha hakuacha uhai wake njiani. Atafuta kazi, chakula na mahali pa kulala. Basi mtu aahidiwaye hifadhi ya maisha yake ameahidiwa zaidi ya kutopigwa panga. Katika nchi ya India hoja hii ililazimu kazi kubwa ya mahakama. Mwaka 1985 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua shauri la watu waliokuwa wakilala kando ya barabara za Bombay, nao walidai kwamba kuwaondoa pale kulikuwa kuwaondolea riziki, na kumwondolea mtu riziki ni kumwondolea uhai. Mahakama ilikubali kwamba riziki imo ndani ya haki ya uhai, ijapokuwa haikuwazuia wakubwa wa mji wasiwahamishe watu hao baada ya msimu wa mvua. Majaji wale walilazimika kuipanua maana ya neno la Kiingereza kwa hoja ndefu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kupanua kitu, kwa maana riziki imekuwamo ndani ya neno tangu awali.

Hifadhi nayo si ulinzi. Mlinzi husimama mlangoni usiku akamngoja mwizi. Mwizi asipokuja, mlinzi hakufanya kazi nyingine. Mwenye kuhifadhi hutunza kitu kisiharibike hata pasipo mwizi. Aliyehifadhi Kurani ameitia moyoni, naye huirudia kila siku isimtoroke. Pori la Serengeti huitwa hifadhi kwa sababu hutunzwa lote, maji yake, nyasi zake na wanyama wake, wala si kwa sababu tu majangili hufukuzwa. Neno hili lina subira na kazi ya daima ndani yake. Kwa hiyo hifadhi ya maisha haiwi kamili kwa jamii kukaa kimya na kujivunia kwamba haikumwua mtu. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifika hapo hapo katika maelezo yake ya mwaka 2018 juu ya Mkataba wa 1966, iliposema kwamba haki ya uhai isifasiriwe kwa ufinyu, na kwamba dola zapaswa kutenda, si kujizuia tu.

Neno la tatu ni jamii. Ibara haikusema serikali wala dola. Ilisema jamii.    Basi jamii katika ibara hii si mahali ambapo hifadhi yaokotwa, bali ni kama mtu mwenye mikono, mdaiwa ambaye jina lake limeandikwa. Na haki katika Kiswahili cha kila siku ni neno la deni. Mfanyakazi aliyemaliza mwezi asema nataka haki yangu, naye hataki hotuba. Ataka apewe kilicho chake. Palipo na haki ya mmoja pana wajibu wa mwingine. Mikataba mingi yamtaja mwenye haki na kumwacha mdaiwa gizani. Sentensi hii ya Kiswahili yawataja wote wawili kwa maneno machache, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kabisa.

Kwamba hayo si mapambo ya wajuzi wa lugha tu kulionekana katika shauri la Tabata. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikitupa taka za mji huko Tabata, karibu na makazi ya watu, na taka hizo zilichomwa moto. Wakazi waliteswa na moshi, harufu mbaya na nzi. Walikwenda Mahakama Kuu kwa shauri lililofunguliwa mwaka 1988, wakapata amri ya kuikomesha kazi ile. Halmashauri iliporudi kuomba iongezewe muda, Jaji Lugakingira alikataa. Alistaajabu kwamba chombo cha umma chaweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua hewa na kuhatarisha maisha ya watu, akaitaja ibara ya 14 na kusema kwamba kumtia mtu hatarini kwa makusudi ni kuikana haki hiyo. Katika shauri hilo hapakuwa na panga, risasi wala kitanzi. Palikuwa na moshi tu. Lakini jaji aliisoma ibara nzima, sehemu ya pili pamoja na ya kwanza, naye akamkuta mdaiwa pale pale alipoandikwa.

Shauri la pili ni kinyume cha hilo. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu iliyokaa Dodoma, Jaji Mwalusanya aliwaona watu wawili kuwa na hatia ya kuua kwa kukusudia. Sheria ya nchi haikumpa nafasi ya kuchagua, kwa maana hukumu ya kosa hilo ilikuwa kunyongwa. Jaji alikataa. Alisema adhabu ya kifo yapingana na Katiba, akawahukumu kifungo cha maisha. Jamhuri ilikata rufani, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi wake. Ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kinyama na yamtweza mtu, mambo yakatazwayo na ibara ya 13. Hata hivyo iliona kwamba imeokolewa na ibara ya 30, iruhusuyo sheria kupunguza haki kwa manufaa ya umma. Juu ya ibara ya 14 ilisema kwamba haki ya kuishi si haki isiyo na mpaka. Na juu ya swali la kama adhabu hiyo yahitajika kwa kulinda maisha ya watu, ilisema jamii ndiyo iamuayo. Adhabu ya kifo ikarudi.

Uhakiki wa lugha hauwezi kuivunja hukumu hiyo, wala haupaswi kujidai hivyo, kwa sababu hukumu ilisimama hasa juu ya ibara ya 30. Lakini waweza kuuliza kama ibara ya 14, kwa maneno yake yenyewe, ilitoa mchango ambao ulidhaniwa kutolewa nayo. Maswali mawili yajitokeza: moja juu ya maneno ya mwisho, la pili juu ya neno moja dogo la katikati.

Maneno ya mwisho ni kwa mujibu wa sheria. Mkato uliotangulia maneno hayo wayaacha yaning'inie, na msomaji hajui kwa hakika yamefungwa wapi. Yaweza kufungwa kwenye hifadhi peke yake, na yaweza kufungwa kwenye sehemu zote mbili. Mtu aliyezoea Kiingereza cha sheria huyafunga kotekote, kisha huyasoma kama mpaka: kila mtu na aishi, ila kama sheria itasema vingine. Jaribio rahisi la sarufi laonyesha ugumu wa kusoma hivyo. Maneno yale yakiondolewa mwisho wa sentensi na kuwekwa karibu na kitenzi cha kwanza, hupatikana haki ya kuishi kwa mujibu wa sheria. Je, msemaji wa Kiswahili aelewa nini kwa maneno hayo? Aelewa mtu mwema afuataye sheria za nchi, alipaye kodi na asiyeiba. Haelewi kabisa kwamba mtu huyo aweza kuuawa sheria ikipenda. Yakiwekwa karibu na sehemu ya pili, hifadhi kwa mujibu wa sheria, maana yanyoka: jamii impe mtu hifadhi, na njia ya kuitoa ionyeshwe na sheria. Kwa mujibu yaonyesha namna ya kutenda. Kiswahili kitakapo kutoa jambo katika kundi kina maneno yake, nayo ni mengi: isipokuwa, ila, mradi, maadamu. Hata moja la hayo halimo katika ibara ya 14.

Mujibu na wajibu, kwa asili ya Kiarabu, ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yatoka katika jambo lisilokuwa na budi. Undugu huo hauthibitishi kitu peke yake, kama ilivyoonekana katika neno hayati. Lakini wakubaliana vema na usomaji ule wa pili, ambamo sheria si mlango wa kutokea bali ni chombo cha kulipia deni.

Neno dogo la katikati ni yake. Ibara yasema maisha yake, na yake yarudi kwa kila mtu. Kila ni neno ligawalo: huwachukua watu mmoja mmoja, wala haliwakusanyi. Kama ibara ingesema hifadhi ya maisha ya watu, ingewezekana kuhesabu kama mfanyabiashara, kwamba maisha ya mmoja yatolewe ili maisha ya wengi yahifadhike. Hoja ya kwamba jamii huamua kunyonga ili ijilinde yahitaji maneno hayo, na maneno hayo hayamo. Lililomo ni deni la jamii kwa kila mtu, hata yule aliyesimama kizimbani, mwenye hatia iliyothibitika. Jamii katika ibara hii ni mdaiwa. Kusema kwamba mdaiwa ndiye ataamua kama deni lapaswa kulipwa ni kuigeuza sentensi kichwa chini.

Itasemwa kwamba aliyeuawa naye alikuwa kila mtu, na maisha yake hayakupata hifadhi. Hiyo ni kweli, nayo ni kweli ya uchungu. Familia yake yaidai jamii, na deni lao halifutwi kwa kumhurumia muuaji. Lakini deni kwa marehemu halilipwi kwa kukopa kwa aliye hai. Itasemwa pia kwamba pana saa ambazo maisha mawili hugongana, kama vile mtu avamiwapo usiku na mwenye silaha, na hapo sheria haina budi kuchagua. Ni kweli vile vile. Walakini mfungwa aliyetiwa pingu hayumo katika saa hiyo. Dodoma mwaka 1994 kifungo cha maisha kilikwisha kuihifadhi jamii na mtu yule, na kitanzi hakikuongeza hifadhi ambayo ufunguo wa gereza haukuitoa.

Nchi jirani na vyombo vya Afrika vimelitazama jambo hilo hilo katika miaka iliyofuata. Tarehe 6 Juni 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliondoa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua. Katiba ya muda ya nchi hiyo ilitaja haki ya uhai kwa maneno machache yasiyo na nyongeza ya sheria mwishoni, nayo ilikuwa imelitaja pia neno ubuntu, ambalo majaji kadhaa walilieleza katika hukumu zao. Ubuntu na utu ni neno moja katika lugha mbili, na utu umeandikwa katika ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania, ibara mbili tu kabla ya ile ya kuishi. Nchini Uganda, Mahakama ya Juu kabisa mwaka 2009 ilithibitisha kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa jaji, na Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua vivyo hivyo tarehe 14 Desemba 2017. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri dhidi ya Tanzania, kwamba sheria imlazimishayo jaji kutoa hukumu ya kifo pasipo kutazama hali ya mkosaji yavunja haki ya uhai iliyomo katika ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika. Uamuzi huo una somo kwa msomaji wa ibara ya 14. Wafundisha kwamba jambo halipati uadilifu kwa kuwa limeandikwa katika sheria tu. Sheria yenyewe hupimwa. Kwa hiyo hata yeye afungaye maneno kwa mujibu wa sheria kwenye sehemu zote mbili bado hajamaliza kazi. Hana budi kuuliza ni sheria ya namna gani.

Baada ya sifa zake zote, ibara hii haikosi lawama, na lawama kubwa ni mkato wake. Sentensi ya Katiba haipaswi kuacha neno likining'inia mahali ambapo roho ya mtu yaning'inia pamoja nalo. Yawezekana mtungaji alikuwa na Kiingereza masikioni alipofunga kwa maneno yale, maana ndivyo sheria za Kiingereza zipendavyo kufunga. Dawa yake si ngumu. Sehemu ya kwanza ingesimama peke yake na kuishia kwa kituo. Sehemu ya pili ingekuwa sentensi ya pili, iseme kwamba jamii ina wajibu wa kuhifadhi maisha ya kila mtu, na kwamba sheria zitatungwa kwa ajili hiyo. Na kama nchi yataka kuacha nafasi kwa mtu ajiteteaye, au kwa askari azuiaye mauaji, iandike nafasi hizo waziwazi, kwa neno isipokuwa, moja baada ya moja. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950 ulifanya hivyo katika ibara yake ya 2: ulizihesabu nafasi zote, na hukumu ya kifo ikiwa mojawapo. Mtu aweza kuzipinga nafasi hizo, lakini azijua. Kilichoandikwa wazi chaweza kujadiliwa na kufutwa, na katika Ulaya hukumu ya kifo imekwisha kufutwa kwa mikataba ya baadaye. Kilichofichwa nyuma ya mkato hakijulikani hata mahali pa kukishika.

Jambo moja zaidi lafanya kazi hii iwe ya haraka. Hukumu zilizotajwa hapa, ya Tabata na ile ya adhabu ya kifo, ziliandikwa kwa Kiingereza. Sentensi ya Kiswahili ilijadiliwa katika lugha nyingine, na katika safari hiyo ni rahisi kwa maisha kurudi kuwa uhai, na kwa hifadhi kuwa ulinzi. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tangu hapo jaji aisomaye ibara ya 14 aweza kuijadili kwa maneno yale yale iliyoandikwa nayo, naye atahitaji kamusi.

Hapo ndipo wajuzi wa lugha wanapodaiwa. Kamusi ielezayo maisha kuwa muda wa kuwa hai tu, na hifadhi kuwa ulinzi tu, itamwachia jaji nusu ya ibara. Kamusi ikusanyayo matumizi ya watu, gharama za maisha, kutafuta maisha, kuhifadhi Kurani, hifadhi ya pori, itampa ibara nzima. Sarufi isiyoeleza kwa makini mahali maneno ya namna yafungwapo katika sentensi ndefu, itaiacha mikato iendelee kuamua mambo ambayo watu hawakuyaamua. Kazi ya maneno huitwa aghalabu kazi ya makaratasi. Katika ibara hii, mwenye kufasiri neno yake ashika mizani ambamo mtu mzima amewekwa.